Talaka ya karatasi haigawi mikorosho: baraza, mahakama, mali na watoto kwa watu wa Mtwara na Lindi

Msaidizi_Newala (mwenye uzi)

Habari za humu wakuu. Msimu wa korosho unakaribia, na maswali ya talaka yanaongezeka kama kila mwaka. Naweka utaratibu hapa mara moja ili mtu akiuliza tumwelekeze huku.

Kosa kubwa ninaloliona Kusini ni watu kuanzia mwisho. Mama ameandikiwa talaka nyumbani mbele ya mashahidi wawili, anaichukua ile karatasi na kwenda nayo Mahakama ya Mwanzo kudai sehemu yake ya shamba. Anarudishwa. Wakati anahangaika, korosho zimeokotwa, zimepelekwa ghalani, mnada umepita na malipo yameingia kwenye akaunti ya mwenye jina. Hakimu hajamwonea. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa (ya 1971, Sura ya 29) kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya kuitoa. Kama mahakama haijavunja ndoa, haina mamlaka ya kugawa hata mkorosho mmoja.

Kwa hiyo shikeni mpangilio huu: baraza kwanza, kisha mahakama ivunje ndoa, kisha mali. Watoto ni habari nyingine. Matunzo yao hayasubiri talaka ya mtu yeyote, na nitamwachia anayelijua zaidi eneo hilo alieleze.

Barazani. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kila kata inapaswa kuwa nalo. Lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Yako pia mabaraza ya jumuiya za dini yanayotambuliwa kisheria. Kikao cha wazee wa familia, mjomba na mashemeji, hata kikikaa siku tatu, si baraza. Mwenyekiti wa kitongoji si baraza. Balozi wa nyumba kumi si baraza.

Mkishindwa kupatana, baraza linatoa hati kwa Fomu Namba 3. Ikague ukiwa bado umesimama palepale mezani kwao. Majina yenu yafanane na ya kwenye cheti cha ndoa. Iseme waziwazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha, na limeona nini kuhusu mgogoro wenyewe. Iwe na tarehe, saini na mhuri wa baraza. Nyingi zinazokataliwa ni barua tu yenye kichwa "Yah: Kuwaleta kwenu wanandoa wafuatao", mistari minne, mhuri wa ofisi ya mtendaji, na hakuna mahali inaposema kwamba usuluhishi ulifanyika ukashindikana. Mahakama ya Rufani imeshafuta mashauri ya talaka yaliyofika hadi kwake kwa sababu hati ya baraza haikuwepo au haikufaa. Miaka ya kesi ikapotea, watu wakaambiwa waanze upya.

Na hati hiyo ina umri. Kifungu cha 106 kinataka iwe imetolewa si zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Ukiipata mwezi wa nne ukaiweka sandukuni kusubiri hela ya msimu, mwezi wa kumi na moja haifai tena.

Sharti la mwisho kabla sijaweka kalamu chini: ndoa isiyotimiza miaka 2 haiombewi talaka bila kibali maalumu cha mahakama, na kibali hutolewa kwa mwenye shida isiyo ya kawaida.

Mchinga_Pwani

Shukrani mkuu. Swali. Ndoa ya Kiislamu, mume ametuma talaka kwa ujumbe wa simu, na shehe wa mtaa amesema imepita. Baraza hawajaenda. Huyu mke ameachika au hajaachika?

KaraniMstaafu

Kwa upande wa dini muulizeni shehe, hilo si la mahakama. Kwa upande wa sheria ya nchi bado ni mke wa mtu mpaka mahakama iseme vinginevyo.

Hapa kuna kifungu wengi wanakisoma nusu. Kifungu cha 107(3) kinasema kama ndoa ilifungwa Kiislamu, na baraza limethibitisha kushindwa kuwasuluhisha, na *baada ya hapo* mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, basi mahakama itaona ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na itatoa talaka. Shikeni hilo neno "baada ya hapo". Talaka iliyotamkwa kabla ya baraza haikidhi kifungu hiki.

Huyo mama aende barazani sasa. Aupeleke ule ujumbe wa simu, autunze usifutike, apige picha ya kioo inayoonyesha namba na tarehe. Wakishindwa kupatana, apate Fomu Namba 3. Kutoka hapo kuna njia mbili. Mume akirudia talaka baada ya hati kutoka, kifungu cha 107(3) kinafanya kazi. Mume asiporudia, mama anafungua shauri kwa sababu za kawaida za kifungu cha 107(2): ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa makusudi, ugoni, kuhamwa kwa miaka 3 au zaidi, kutengana kwa hiari kwa miaka 3, na nyingine zilizotajwa. Ujumbe wa talaka utaingia kama sehemu ya ushahidi kwamba ndoa imekufa.

Nawasihi pia masheikh wetu. Mtu akija na jambo la talaka, mwelekezeni barazani mapema. Mnamwokoa na usumbufu wa miaka.

Mchinga_Pwani

Na mume akiitwa barazani akakataa kuja?

KaraniMstaafu

Kifungu cha 101 kina milango ya dharura: aliyeitwa akakaidi kwa makusudi, asiyejulikana alipo baada ya kumhama mwenzake, anayeishi nje ya nchi asiyetarajiwa kuingia ndani ya miezi 6, aliyefungwa maisha au angalau miaka 5, mwenye ugonjwa wa akili usiopona, au mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya baraza lisiwezekane.

Lakini lazima uthibitishe. Mkaidi aitwe kwa wito wa maandishi, zaidi ya mara moja, na kila wito uwe na jina la aliyeupeleka na tarehe. Akikataa kusaini, mpelekaji aandike hivyo mbele ya shahidi. Nakala zote ziambatane na maombi yako. Kusema tu "alikataa kuja" mbele ya hakimu hakutoshi.

Mwalimu_Tandahimba

Tuje kwenye mikorosho sasa, maana ndipo penye vita. Kadi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) ina jina la mume, akaunti ya benki ya mume, mke amelima miaka kumi na mitano. Anathibitisha vipi?

Msaidizi_Newala

Mwalimu hapa nitakaa kidogo.

Kifungu cha 114 kinataka mahakama iangalie mambo manne: mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni waliyokopa kwa faida yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya hayo ndipo mahakama ielekee kwenye usawa. Kwa hiyo nusu kwa nusu haiji yenyewe. Inakuja ukiwa umeleta ushahidi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani imeshakubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza familia, ni mchango katika kuchuma mali. Lakini hiyo siyo tiketi ya kwenda mahakamani mikono mitupu.

Shamba la mikorosho lieleze hivi. Liko kijiji gani, kitongoji gani, limepakana na nani kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Lina miti mingapi, na hapa usikisie. Ingia shambani na mtu mwingine mzima anayeweza kuja kutoa ushahidi, hesabuni mstari kwa mstari, andika kwenye daftari mnavyokwenda. Kwa upandaji unaoshauriwa wa mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba kama miti 28, hekta kama 70. Ukisema ekari mbili zina miti 300, utaulizwa maswali usiyoyaweza. Mashamba ya zamani yamebanana na mistari haijanyooka, ndiyo maana kuhesabu kunashinda kukadiria.

Kisha gawa miti kwa umri. Hili watu wengi hawalifanyi na ndilo linaloamua. Ile mikubwa iliyokutana matawi ilikuwepo kabla ya ndoa? Ilirithiwa? Ile midogo ya pembeni ya barabara ilipandwa mwaka gani, miche ilitoka wapi, nani alichimba mashimo? Majirani wa mpaka ndio mashahidi bora hapa, kuliko ndugu zako wa damu.

Hata ile mikubwa usiitupe. Kifungu cha 114(3) kinasema mali ya mmoja ya kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na yule mwingine au kwa juhudi za pamoja. Shamba lililokuwa pori, mkalipalilia, mkapunguzia matawi, mkapulizia salfa kila mwaka mpaka ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukaisha na mavuno yakapanda, hilo ni endelezo. Lakini lazima uonyeshe lilivyokuwa na lilivyokuja kuwa. Kilo za msimu wa kwanza na kilo za sasa ndizo zinazoongea.

Na kilo ziko kwenye karatasi. Stakabadhi za chama cha msingi kila mzigo ulipopimwa. Taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya minada. Usajili wa mkulima na orodha ya mgao wa pembejeo. Kama karatasi anazo mwenzako na amezificha, usikate tamaa. Iombe mahakama iamuru chama cha msingi au benki ilete kumbukumbu. Chama hakiwezi kukupa wewe kienyeji taarifa za mwanachama mwingine, ila amri ya mahakama kitaitii. Omba kwa misimu unayoitaja, siyo "zote".

Mchango wako wa kazi uandike kwa mzunguko wa mwaka, maana hakimu anayetoka mikoa mingine huenda hajui mkorosho unavyohudumiwa: palizi na kufagia chini ya miti, kupunguzia, kupulizia salfa miezi ya maua, kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kuanika, kuchambua, kujaza magunia, kupeleka ghalani. Sema nani alifanya lipi. Kama vibarua walilipwa, nani aliwapikia na nani aliwalipa.

Jambo la mwisho, madeni. Mkopo wa pembejeo uliotumika shambani ni deni lenu wote. Mkopo aliouchukua mmoja kwa mambo yake, mwenzake akiwa hajui, ni mzigo wake. Leta daftari la kikundi mlichokopa.

Mwalimu_Tandahimba

Asante sana. Na mahakama ikishagawa, shamba linakatwa vipi?

Msaidizi_Newala

Njia tatu. Kugawa ardhi yenyewe kwa mpaka, mmoja kubaki nalo na kumlipa mwenzake thamani ya sehemu yake, au kuuza na kugawana fedha. Kugawa kwa mpaka kunafaa shamba kubwa, ila gawaneni kwa miti inayozaa, siyo kwa hatua za miguu, vinginevyo mmoja anapata ekari moja ya mikorosho iliyochoka.

Iko njia ya nne ambayo wazee wanaipendekeza sana: kupokezana misimu, mwaka huu wewe mwaka kesho mimi. Msiikubali. Mwenye zamu anavuna kila kitu na hapalilii, maana mwakani si wake. Hanunui salfa ya kutosha. Baada ya zamu mbili shamba ni pori na mmerudi mahakamani.

Bi_Ruangwa

Naomba kuongeza la nyumba, kwa sababu huku kwetu Wamwera, na hata Wamakonde na Wayao, ardhi kwa jadi inafuata upande wa mama, na wanaume wengi wamejenga ukweni. Nyumba ya bati, tofali za kuchoma, mume alinunua vifaa vyote, kiwanja ni cha ukoo wa mke. Ndoa ikivunjika, mume anadai nyumba, wakwe wanasema toka.

Mahakama inagawa mali za wanandoa. Kiwanja cha ukoo si mali ya wanandoa, hivyo hakigawiwi. Lakini nyumba iliyosimama juu yake imejengwa kwa jasho la wawili, na thamani yake inaweza kuhesabiwa. Kinachofanyika mara nyingi ni mke kubaki na nyumba na mume kufidiwa sehemu ya thamani. Mume alete risiti za saruji na bati, fundi aliyejenga aje, mkataba wa fundi kama upo. Upande wa mke waje wazee wa ukoo waeleze ardhi ilipatikanaje na mume aliruhusiwa kwa masharti gani. Kama kuna hatimiliki ya kimila, soma majina yaliyomo. Ikiwa na majina ya wote wawili, hadithi ya ukoo inakuwa ngumu kusimama.

Ikitokea shangazi au mjomba amedai kwamba hata shamba mlilonunua ni lake, huyo ni mtu wa tatu. Mgogoro wake wa ardhi una vyombo vyake, msiuache ukameza shauri la talaka.

Na mnisikilize kuhusu mila. Sheria inataja mila kama jambo mojawapo la kuangaliwa, ikitanguliwa na kufuatiwa na mengine. Matamko ya sheria za mila ya 1963, ambayo baadhi ya watu wanayanukuu barazani, yaliandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Mtu akiyaleta dhidi ya mama wa Kimwera, muulizeni yanamhusu vipi.

Korosho_Ghafi

Kuna kesi za mume kuuza nyumba chapchap akishahisi talaka inakuja. Kinga ipo?

KaraniMstaafu

Ipo, kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza wakati ndoa ipo. Mwenza ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa tahadhari kwenye daftari la ardhi, kama kiwanja kimesajiliwa. Kasoro yake: mnunuzi aliyenunua kwa nia njema bila kujua analindwa. Kwa hiyo wajulishe watu mapema.

Kwa ardhi ya kijiji, andika barua kwa serikali ya kijiji, nakala tatu, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Uhamisho wa haki ya kimila unahitaji halmashauri ya kijiji, hivyo barua yako itakuwa mezani siku mnunuzi anapoletwa. Shauri likishafunguliwa, omba mahakamani zuio la muda kwa mali zilizotajwa moja moja. Usiandike "mali zote".

Mchinga_Pwani

Wake wawili je?

KaraniMstaafu

Kwa kifupi, panga mali kwa tarehe. Iliyochumwa kabla ya mke wa pili kuingia, mke wa pili hana jasho ndani yake. Iliyochumwa baadaye, kila mke anaonyesha mchango wake, na mke anayebaki kwenye ndoa naye ana haki isiyoweza kupuuzwa, hata aitwe kutoa ushahidi. Anayeachika asidai shamba analolima mke mwenzake kana kwamba ni la mume peke yake.

Ustawi_Kusini

Nimeitwa kwenye watoto. Nianze na linaloumiza zaidi huku: watoto kupelekwa kwa bibi au kwa mjomba usiku, wazazi wakiwa bado barazani, ili mmoja aseme "mimi ndiye ninaye". Mahakama haitoi ulezi kwa aliyewahi.

Kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto mbele. Kisha ndipo yanafuata matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila. Mtoto chini ya miaka 7 anachukuliwa kwamba ni kwa faida yake kukaa na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inaangalia pia madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Kufika miaka 7 si kengele ya kwenda kwa baba. Nimeona tafsiri hiyo mahali pengi, siyo sahihi. Watoto wakiwa kadhaa, mahakama inamwangalia kila mmoja peke yake.

Mjomba kwa mila zetu ana heshima na sauti, na mara nyingi ni msaada mkubwa. Kisheria ulezi ni wa baba au mama kwanza. Ndugu mwingine anafikiriwa pale tu hali isiyo ya kawaida inapofanya wazazi wote wawili wasifae.

Afisa ustawi anaweza kuagizwa na mahakama kufanya uchunguzi. Anakuja nyumbani. Anaangalia mtoto analala wapi na nani, umbali wa shule, mahudhurio kwenye daftari la mwalimu, kadi ya kliniki, nani anamhudumia akiumwa, nani anabaki naye mzazi akiwa shambani mpaka jioni. Hali ya kuwa na nyumba ya bati na mwenzako ya makuti haiamui. Mtoto anayejibu maswali huku akimtazama mzazi usoni anaonekana amefundishwa, na inamwumiza mtoto kuliko inavyomsaidia mzazi.

Matunzo. Kifungu cha 129 kinaweka wajibu kwa baba, awe anakaa na mtoto au hakai naye. Mama anaingia pale baba amekufa, hajulikani alipo au hawezi. Dai hili unaweza kulifungua bila talaka, hata bila ndoa, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Amri inaishia mtoto akifika miaka 18, lakini akiwa bado masomoni mahakama inaweza kuiendeleza.

Andika bajeti. Unga, mboga, mafuta, sabuni, sare, madaftari, mchango wa chakula shuleni, matibabu, kodi kama unapanga. Kila kitu kwa mwezi, kwa bei za soko lako. Kisha onyesha kipato cha mwenzako. Na hapa watu wa Kusini tunakosea: tunaomba kiasi kimoja kila mwezi kwa mtu ambaye fedha yake inaingia kwenye msimu. Analipa Novemba na Desemba, kuanzia Machi kimya, deni linarundikana. Mahakama inaweza kuamuru malipo ya mara kwa mara au ya mkupuo. Omba vyote viwili: kiasi kidogo cha kila mwezi kinachowezekana, na mkupuo baada ya malipo ya minada kwa ajili ya sare, ada na akiba ya miezi ya njaa. Kwa mvuvi wa Kilwa au Mikindani omba kwa wiki. Kwa mtumishi omba akatwe kwenye mshahara na mwajiri.

Malipo yapite kwenye simu au benki, yasipite mkononi. Anayelipa anajilinda, anayelipwa pia.

Kama kuna kipigo, kifungu cha 66 kinasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenza wake. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, pata PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), tibiwa, tunza nakala. Usisubiri baraza likae.

Dada_Masasi

Na walioishi bila kufunga ndoa? Halafu sisi Wakatoliki, talaka ya mahakama kanisa halitambui.

KaraniMstaafu

Wasiofunga: kifungu cha 160. Wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawachukulia kama mume na mke, kunakuwa na dhana ya ndoa, inayoweza kupingwa. Muda peke yake hautoshi. Majirani, mjumbe, kadi ya kliniki yenye majina yenu, misiba na ngoma mlizosimama pamoja kama wanandoa, hivyo ndivyo vinavyothibitisha. Dhana ikianguka, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine.

Kwa Wakatoliki, dada, sheria inaruhusu kuomba *kutengana* badala ya talaka. Ndoa inabaki, wajibu wa kuishi pamoja unaondoka, na mali inaweza kugawiwa kwa kifungu kilekile cha 114. Batili ya ndoa ya kikanisa inashughulikiwa na mahakama ya kanisa na haigusi mali wala watoto kwa sheria ya nchi.

Mwalimu_Tandahimba

Shauri linafunguliwa mahakama ipi, na mtu asiporidhika?

KaraniMstaafu

Mwanzo, Wilaya, Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka. Wengi wanaanzia Mwanzo kwa sababu iko karibu. Maombi yataje ndoa ilifungwa lini na wapi, majina, umri na jinsia ya watoto, mashauri yaliyowahi kufunguliwa kati yenu, mambo yanayoonyesha ndoa imevunjika, makubaliano yenu kuhusu mali na matunzo, na kama hayapo, mapendekezo yako wewe. Ombi la mgawanyo na la ulezi liandikwe humo humo. Ambatanisha Fomu Namba 3 na nakala ya cheti cha ndoa. Matunzo ya wakati kesi inaendelea yaombwe mwanzoni, yanaruhusiwa.

Asiye na uwezo wa wakili awaone wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure. Anayekutoza hela akijiita msaidizi wa kisheria, muulize kitambulisho.

Rufaa: kutoka Wilaya au Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwa Kanda ya Mtwara inahudumia na Lindi, ni siku 45, na inawasilishwa kwenye mahakama iliyotoa uamuzi. Ukitoka Mwanzo jiwekee siku 30, usivuke. Nakala ya hukumu iombe kwa barua siku ileile inaposomwa, na barua yako igongwe mhuri. Bila mhuri huo huna cha kuonyesha nakala ikichelewa.

Korosho_Ghafi

Hukumu imetoka, mke amepewa asilimia 40, mume hatoi. Inakuwaje?

KaraniMstaafu

Hukumu haijitekelezi. Anarudi mahakama iliyotoa na kuomba kukazia hukumu, akieleza anataka nini hasa: apimiwe sehemu yake kwa mpaka, au mali ikamatwe na kuuzwa. Ndiyo maana tulisema shamba lielezwe kwa mipaka na idadi ya miti tangu mwanzo. Dalali wa mahakama akifika na hukumu inayosema "asilimia 40 ya mashamba" bila kutaja mashamba yapi, anarudi mikono mitupu.

Afanye hivyo mapema, kabla ya mnada wa kwanza. Halafu apeleke amri ya talaka RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) isajiliwe apate cheti chake cha talaka, akabadilishe na taarifa zake za mkulima chama cha msingi, ili mgao ujao wa salfa utoke kwa jina lake.